Pikipiki Bila Abiria: Barua kwa Kijiwe cha Mombo

Kwenu wazee wa kazi,

Barua hii isomwe kwa sauti, tena mjomba awepo, maana sehemu kubwa ya yaliyomo itamuudhi yeye kuliko wengine wote.

Mjomba, shikamoo. Unaikumbuka ile Boxer yako niliyokuwa nakuletea hesabu yake kila jioni, na isipotimia unaniuliza nilikuwa nazurura wapi kwa mafuta ya nani? Sasa kaa vizuri. Huku kuna watu wazima wenye wajukuu ambao kuzurura ndiyo safari yenyewe. Wanaomba likizo kazini, wanalipia hoteli, wanavuka milima kwa pikipiki. Hawapeleki mtu, hawabebi kabichi, hawawahi basi. Wakifika juu wanakunywa kahawa, wanapiga picha, wanashuka upande wa pili. Kesho yake wanatafuta mlima mwingine. Kiangazi hiki nimekwenda nao: Ujerumani, Austria, Italia, Uswisi na kanchi kamoja kanaitwa Liechtenstein. Mwendo wote huo, na kiti cha nyuma kitupu. Nilikuwa najisikia kama mtu aliyetoroka kazini.

Aliyeniingiza ni shemeji, kaka wa mke wangu. Alisikia kwamba kabla ya kuja Munich nilikuwa napanda na kushuka Mombo–Lushoto kwa pikipiki, mvua na jua, akaenda kuwatangazia wenzake kwamba ukoo wao umepata mtu wa mashindano. Wenzake ni watatu. Kuna Mwalimu, mstaafu wa somo la hisabati, ambaye ndiye kiongozi. Kuna Daktari wa meno, mwenye pikipiki kubwa kuliko zote. Na kuna Dada Mwokaji, ana duka la mikate, anaamka saa nane usiku tangu ujana wake na hajawahi kuogopa kitu chochote.

Leseni yetu huku inaheshimiwa miezi sita tangu uhamie. Baada ya hapo unafanya mitihani upya kana kwamba hujawahi kugusa klachi. Nikarudi darasani. Ukiacha mafunzo ya kawaida, kwa anayeanza kuna vipindi 12 vya lazima, nami nikavifanya vyote: vitano vya barabara za nje ya mji, vinne vya barabara kuu za mwendo kasi, vitatu vya usiku. Mkufunzi hapandi nawe. Anakufuata kwa gari, na ndani ya helmeti yako kuna kispika anachokusemeshea. Yaani mimi, niliyemshusha mama mjamzito kutoka Lushoto usiku wa mvua huku tenga la nyanya liko mbele yangu juu ya tangi, naambiwa sikioni, "Sasa punguza, mbele kuna kona." Nilipunguza. Sikuwa na namna, ni yeye aliyekuwa na kalamu. Lakini kuna zoezi la kupita kati ya koni kwa mwendo wa mtu anayetembea, bila kuweka mguu chini, na hapo ndipo kijiwe kilipopata heshima yake. Aliyezoea kupenya kwenye gulio na gunia la viazi haangushwi na koni. Mkufunzi alishuka garini kuja kuangalia vizuri.

Mikutano ya safari ilianza mwezi wa kwanza. Safari yenyewe ni mwezi wa saba. Mwalimu alileta ratiba ya kurasa kadhaa, ina dakika za kahawa, dakika za mafuta na dakika za kitu alichokiita "yasiyotarajiwa". Mnaelewa? Yasiyotarajiwa yalikuwa na saa yake.

Pikipiki ya Daktari ni BMW R 1250 GS. Ina uzito wa kilo 249 tangi likiwa limejaa, na nguvu ya farasi 136. Boxer ya mjomba ina farasi kama kumi na wawili, na imewahi kubeba kitanda cha sita kwa sita pamoja na mwenye kitanda. Vishikio vya Daktari vinapasha viganja moto kwa umeme, kiti kinapasha pengine moto, na juu ya hayo amevaa kizibao kinachojaa upepo chenyewe akianguka. Mimi nilinunua Honda ya mtumba, cc 500. Najua hapo kijiweni mmeshaanza kupiga miluzi, kwenu cc 500 ni lori. Hawa waliitazama kwa huruma. Dada Mwokaji akanishika bega, akasema ni pikipiki nzuri sana ya kuanzia.

Ya kuanzia!

Barabarani hawaendi ovyo ovyo kama sisi. Mmoja anakaa kushoto mwa njia yake, anayefuata anakaa kulia, mpaka mwisho, na kwenye kona mnajipanga mstari mmoja. Dereva dhaifu anawekwa wa pili, nyuma ya kiongozi, ili asiachwe. Ni utaratibu mzuri sana. Nafasi ya pili nilipewa mimi.

Ndani ya helmeti kuna redio, wote mnasikiana. Msifikiri ni starehe. Shemeji anasoma kila kibao anachokiona, anahesabu ng'ombe, anauliza kama kuna mwingine mwenye njaa, na akifurahi anaimba. Kijiweni mtu akizidi maneno unawasha pikipiki unaondoka. Huyu nilikuwa naondoka naye.

Kisha salamu. Kila pikipiki mnayopishana nayo, hata ya mgeni kabisa, lazima msalimiane, na salamu yenyewe ni ya mkono wa kushoto. Unaushusha chini, unatoa vidole viwili. Wa kulia umeshika mafuta na breki, na kwa kuwa huku wanaendesha upande wa kulia, wa kushoto ndio ulio upande wa mwenzako. Sababu ninazielewa. Ila mimi nimelelewa na bibi yule yule mnayemjua, aliyewahi kunirudisha mlangoni kwa kumpa mzee kikombe kwa mkono wa kushoto. Mwanzoni nilikuwa nainamisha kichwa tu, mpaka Mwalimu akauliza redioni kama shingo inaniuma. Wafaransa ndio kiboko: gari likiwapisha, wanashukuru kwa mguu. Wanaunyoosha mguu wa kulia nje ya pikipiki wakimpita dereva, na dereva anafurahi. Hebu mmoja wenu ajaribu kumshukuru dereva wa basi la Arusha kwa mguu pale stendi, halafu aniandikie kutoka wodini.

Austria ilitupa tatizo kabla hatujaingia. Katika wilaya moja ya Tyrol inaitwa Reutte, tangu mwaka 2020, miezi ya kiangazi pikipiki ambayo kadi yake inaonyesha kelele za zaidi ya desibeli 95 hairuhusiwi kupita barabara kadhaa. Hawapimi kelele zako, wanasoma kadi. Kadi ya shemeji ilikuwa imezidi. Tukazunguka wote kwa upande wa Mittenwald kwa sababu ya ekzosi ya mtu mmoja. Nikawasimulia kwamba kwetu kuna kijana aliyetoboa ekzosi makusudi ili wateja wamsikie tangu akiwa Soni. Daktari alidhani natania.

Kutoka Austria kwenda Italia kuna njia rahisi, Brenner, urefu wake meta 1,370 tu kutoka usawa wa bahari, na barabara yake ya zamani haina tozo kwa pikipiki. Niliiona kwenye ramani nikawaonyesha. Wakacheka kwa upendo, kama mtu anavyomcheka mtoto aliyeuliza kwa nini samaki havai viatu. Sisi tutapita Timmelsjoch, wakasema: ni juu zaidi, ina kona zaidi, inafungwa usiku, inafungwa majira yote ya baridi, tena unalipia. Mjomba, uko hapo? Wanalipia mlima.

Pale getini pa kulipia kuna makumbusho ya pikipiki. Mwezi Januari 2021 iliteketea kwa moto, zikaungua pikipiki za kale zaidi ya 200; kabla mwaka haujaisha walikuwa wamejenga upya na kufungua. Tuliingia. Mwalimu alisimama mbele ya pikipiki moja kuukuu, mikono nyuma, muda mrefu kuliko dakika zilizoandikwa kwenye ratiba yake mwenyewe. Nilitafuta Toyo. Hamna Toyo. Mashine iliyosomesha nusu ya watoto wa Mombo haina hata picha ukutani.

Kule juu kulikuwa na theluji kando ya lami, mwezi wa saba. Nikatoa koti langu la akiba nikalivaa kinyume, mgongo mbele, vile vile tunavyoshuka nalo alfajiri kutoka Lushoto. Shemeji aliniangalia akaona nimechanganyikiwa. Tulipofika chini upande wa Italia alikuwa amegeuza la kwake, na alikuwa ameacha kuimba, jambo ambalo kwa faida ya wote tuliliita joto.

Hoteli zenyewe zimejengwa kwa ajili ya watu kama hawa. Ukifika unaulizwa kwanza kuhusu pikipiki, wewe baadaye. Ina banda lake lenye kufuli na spana za kuazima, na kuna chumba cha kukaushia buti na glovu. Hilo niliwaunga mkono. Kwetu Boxer inalala sebuleni, na mgeni akija analazwa karibu na ekzosi.

Mwalimu alikuwa amejifunza Kiitaliano majira yote ya baridi. Tukaketi mkahawani karibu na Merano, akakohoa, akaagiza kahawa tano kwa sentensi ndefu na nzuri. Mhudumu akamjibu kwa Kijerumani. Eneo lile lilikuwa la Austria mpaka baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, na wengi wao nyumbani bado wanaongea Kijerumani. Mwalimu alijua hayo yote, ni yeye aliyetusimulia njiani. Alitaka tu bahati yake. Kutoka hapo tukapita bonde limejaa mashamba ya matofaa, mistari imenyooka mpaka ukachoka kuiangalia, tukafika Prato, na Prato ndipo inapoanza Stelvio.

Hapa nataka msikilize, maana hii ni kazi yetu.

Stelvio ilijengwa kati ya 1820 na 1825, Austria ikitawala pande zote mbili za mlima, na mhandisi wake aliitwa Carlo Donegani. Upande wa Prato ina kona 48 za kugeuka nyuma kabisa, ukitoka hii unamwona aliye chini yako utosini. Kila kona ina jiwe na namba. Chini kabisa ni 48, zinapungua mpaka moja. Kileleni ni meta 2,757, yaani ukipanda Kilimanjaro umepita kidogo pale Mandara, ila huku wanafika kwa lami, na wengine wanafika kwa baiskeli, wazee wenye nguo za kubana, hawasukumi, wanakanyaga pedali mpaka juu. Niliwapita kwa aibu.

Nikamwambia Mwalimu kwamba barabara ya kwetu nayo ina kona za namna hiyo, na kwamba wakubwa wao ndio waliokuwa wakizipanda kukimbia joto la pwani, wakati Lushoto wakiiita Wilhelmstal. Redio ilikaa kimya kona tatu.

Kwenye barabara kama hii farasi 136 hawana kazi. Kona ya kushoto ina nafasi, unaizungukia kwa nje. Ya kulia ndiyo inayoua, kwa sababu unaendesha kulia, unaizungukia kwa ndani kabisa, pale lami iliposimama. Ukiingia kwa uoga unakosa mwendo, injini inazima, na kilo 249 zinachagua pa kulala. Nilimwona Mwalimu akiingia kona namba 22. Alitazama chini badala ya kutazama anakokwenda. Pikipiki ikasita, yeye akatafuta ardhi kwa mguu, ardhi ilikuwa mbali kuliko alivyodhani. Akailaza polepole, kwa adabu, kama anamlaza mgonjwa. Hakuumia. Mkono wa klachi ulikatika ukabaki kipande cha urefu wa kidole gumba.

Mnajua na mimi najua kwamba kwa koleo, kipande cha bomba na mpira wa tairi kuukuu, pikipiki ile ingefika Tanga. Nilikuwa na koleo. Nikainama. Mwalimu akanizuia kwa mkono, mpole sana: waranti. Akapiga simu. Gari la kubeba pikipiki mbovu likaja, likaichukua kuirudisha chini, na kwa kweli dakika za yasiyotarajiwa hazikwisha. Lakini kitanda chake kilikuwa kimelipiwa Bormio, upande wa pili wa mlima. Daktari nyuma kafunga sanduku lenye mashine ya kahawa. Dada Mwokaji kafunga begi kubwa kuliko yeye. Shemeji kafunga kila kitu. Kundi zima kiti kilichokuwa wazi kilikuwa changu.

"Panda, mzee," nikamwambia. "Usinishike mabega. Na kona usinisaidie."

Akapanda. Pikipiki ikabonyea nyuma kidogo, kile kidogo mnachokijua nyie, na tangu Munich ndiyo kwanza ikakaa sawasawa. Nikatoka nafasi ya pili bila kuomba ruhusa. Shemeji na Daktari walikuwa wametangulia; nikampita shemeji, nikampita Daktari, yeye na viganja vyake vya moto. Dada Mwokaji peke yake ndiye aliyeweza kunifuata, namsikia redioni anacheka. Mwalimu alikuwa anahesabu. "Kumi na tisa," anasema, kwa sauti ya mtu anayesahihisha mtihani. "Kumi na nane." Kwenye tisa sauti yake ikabadilika. Kwenye sita akaacha kuhesabu, akasema kitu kuhusu mlima.

Kileleni, mbele ya mabanda ya soseji, alivua helmeti akasimama anaangalia kule tulikotoka. Ortler ina meta 3,905, barafu imeikalia mwaka mzima, na ukipanda Stelvio iko pale pale kando yako. Mzee huyu amepanda barabara ile toka pikipiki yake ya kwanza ikiwa mpya na yeye akiwa na nywele, na alikuwa hajawahi kuiona vizuri, kwa sababu miaka yote alikuwa anaangalia lami. Abiria wa Lushoto wanaiona Mombo yote chini yao, tena wakiwa wanaongea na simu.

Tulipofika Bormio nikasimama mbele ya hoteli, nikanyoosha mkono. Wa kulia.

Alidhani namsalimia. Nikamweleza: nauli. Shemeji akaona aibu kwa niaba ya ukoo, lakini Mwalimu alifurahi kupita kiasi, akatoa daftari. Akapiga kilomita za kupanda, kilomita za kushuka, mafuta, tairi inavyolika, akaongeza kitu kidogo cha usiku ingawa jua lilikuwa bado lipo, akafika euro 9 na senti 40. Nikamwambia kwetu tunaanza kwa kupatana bei kabla hujapanda, ameshachelewa, ni 15. Akasema 11. Tukamaliza kwenye 12. Kisha akaomba risiti. TRA wangempenda sana mtu huyu. Nikamwandikia nyuma ya karatasi ya soseji, akaikunja akaiweka kwenye pochi.

Pikipiki yake ilirudishwa kwao kwa lori, kwa hiyo njia yote iliyobaki nilikuwa naye. Livigno tulijaza mafuta mpaka shingoni mwa tangi, kule ni Italia lakini hakuna VAT, na foleni ya pikipiki ilifika barabarani. Uswisi sitaki kuisema sana. Uswisi kila kitu ni faranga 40: stika ya barabara kuu ni faranga 40 kwa mwaka, pikipiki sawa na gari hata ukipita saa moja; ukizidisha mwendo mjini kwa kilomita moja mpaka tano, faranga 40. Stika tuliikwepa kwa kupita milimani. Mwendo niliukwepa kwa sababu Mwalimu aligeuka kuwa yule abiria tunayemjua wote, anayeendesha kwa mdomo. "Hamsini," ananiambia mgongoni. "Hamsini. Sasa hamsini na moja." Liechtenstein ina urefu wa kilomita kama 25 na tuliikatiza akiwa hajamaliza kunieleza historia yake.

Sasa hii ndiyo sababu ya barua. Wanakuja. Mwezi wa pili mwakani, wote wanne, na hawataki kuendesha. Wanataka kupakiwa, kutoka Mombo mpaka Lushoto, halafu Irente wakaone bonde, halafu kurudi, mmoja mmoja na dereva wake, kwa bei ya kupatana. Mwalimu anafanya mazoezi ya kupatana na mke wake. Kwa hiyo mwenyekiti, nakuomba: msimtajie bei ya mzungu, ataidai kwa mchanganuo na mtakosa wa kuuandika. Daktari ni mzito, mpeni mtu mwenye tairi mpya. Dada Mwokaji atataka kuendesha yeye. Mpeni, ila mfuateni. Shemeji apewe dereva asiyesikia vizuri. Mishikaki, yaani kupakiwa zaidi ya mmoja, wakiomba kwa ajili ya picha, kataeni, wataionyesha huku na mimi ndiye nitakayeulizwa. Helmeti za abiria zioshwe ndani.

Na mjomba, Mwalimu amechagua Boxer yako, kwa heshima yangu. Ratiba ameshaichapa. Ameniuliza kwa maandishi kama ile breki ya nyuma ilitengenezwa, na anahitaji jibu kabla ya mwisho wa mwezi.

Ndimi deiwaka wenu wa zamani,
Munich